Lijamu ya Kwanza

SOMO LA 7

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Zaburi 32, Hosea 11:1–4, 2 Nyakati 33:10–13, Isaya 37:21–29, Yakobo 1:26, 3:1–12, Mathayo 11:28–30, 21:1–9, Zekaria 14:20.

Fungu la kukariri: Zaburi 32:8, 9. Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia anayoitumia.

Mwana-farasi hazaliwi akiijua lijamu. Kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza huzunguka malishoni, na hakuna kitu kilichowahi kuingia kinywani mwake isipokuwa maziwa ya mama yake, majani na maji. Kisha siku inafika ambapo mtu anamsogelea akiwa ameshika mikanda ya ngozi yenye kipande cha chuma. Mambo yatakayotendeka katika dakika chache zinazofuata yanaweza kukaa na farasi huyo kwa miaka mingi. Akiumizwa, atainua kichwa juu kila aionapo hatamu. Akifundishwa kwa subira, atakuja kuinamisha kichwa mwenyewe.

Sehemu nyingi za Afrika Mashariki hazina farasi wengi, na sababu mojawapo ni mbung'o aenezaye ugonjwa wa nagana. Hata hivyo, aliyewahi kumfundisha maksai kuvuta plau, au kumzoeza punda kubeba mzigo, ataelewa jambo hili haraka. Mnyama mwenye nguvu kuliko mtu hawezi kushindwa kwa nguvu tu. Lazima afundishwe.

Biblia inataja lijamu na hatamu mara kadhaa, na mara nyingi inamfundisha mwanadamu jambo fulani juu ya utii. Juma hili litachunguza maswali mawili. Kwanza, Mungu anataka utii wa namna gani? Pili, wale waliopewa kuwaongoza wengine, yaani wazazi, wazee wa kanisa na walimu, wanapaswa kuongoza kwa mkono wa namna gani? Maswali haya si ya zizini. Katika makanisa mengi wapo vijana walioinua kichwa na kuondoka. Baadhi yao hawakuikataa kweli yenyewe, bali waliukimbia mkono ulioileta.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI

Nafasi Iliyoandaliwa

Lijamu ni kipande kinachokaa kinywani mwa farasi, na kwa kawaida hutengenezwa kwa chuma. Hatamu ni mikanda inayopita kichwani na kuishikilia lijamu mahali pake, pamoja na kamba ndefu zinazofika mkononi mwa mpanda farasi. Mtu asiyemjua farasi anaweza kushangaa jinsi chuma kinavyoweza kukaa kati ya meno bila kumzuia mnyama kufunga kinywa. Jibu ni kwamba hakikai kati ya meno. Farasi ana meno ya mbele ya kukatia majani na magego ya nyuma ya kusagia, na katikati ya makundi hayo mawili kuna nafasi ya ufizi mtupu. Lijamu hukaa katika nafasi hiyo, juu ya ulimi.

Ufizi huo ni laini, na chini yake kuna mfupa uliofunikwa kwa ngozi nyembamba. Ndiyo maana mkono mwepesi unatosha kumwongoza mnyama mwenye uzito wa kilo 500, na ndiyo maana mkono mzito unaweza kumtesa. Chombo ni kilekile, na tofauti iko katika mkono unaokishika.

Kwa sababu hiyo, mfundishaji mwenye hekima hufanya kazi nyingi kabla ya lijamu kuonekana. Huhakikisha kwamba kinywa kimechunguzwa, maana baadhi ya farasi huwa na meno madogo mbele ya magego, ambayo yakigongwa na chuma humuumiza. Humzoeza mnyama kuguswa usoni, utosini na masikioni. Husimama ubavuni karibu na bega, kwa kuwa macho ya farasi yako pande mbili za kichwa, naye haoni vizuri kitu kilicho mbele kabisa ya paji la uso wake. Anayemjia kutoka hapo humshtua, hata kama nia yake ni njema.

Soma Zaburi 32:1–7. Ni mambo gani yaliyotangulia katika maisha ya Daudi kabla ya agizo lililo katika aya ya 9?

Mpangilio wa Zaburi hii una fundisho. Agizo la kutokuwa kama farasi halikuja kwanza. Zaburi inaanza na heri ya mtu aliyesamehewa. Inaendelea na siku ambazo Daudi alinyamaza na dhambi yake, akadhoofika mwili na roho. Kisha inakuja toba, msamaha, na Mungu kuwa maficho yake. Baada ya hayo yote ndipo Bwana anapoahidi kufundisha na kuongoza. Mungu alimwandaa Daudi kabla ya kumwongoza. Aliugusa moyo wake kwa rehema kabla ya kumwonyesha njia.

Ni mara ngapi mwamini mpya hupewa orodha ya makatazo kabla hajajua kwamba amesamehewa? Kweli iliyo njema, ikiletwa mahali pasipoandaliwa, inaweza kumgonga mtu kama chuma kinavyogonga meno.

Ni kweli gani ya Mungu uliyoipokea kwa urahisi kwa sababu mtu fulani aliuandaa moyo wako kwanza? Alifanyaje?

JUMATATU

Hatua kwa Hatua

Karne ya 4 kabla ya Kristo, Xenophon, Myunani aliyekuwa askari na mwandishi, aliandika kitabu kifupi kuhusu farasi na jinsi ya kuwapanda. Ni miongoni mwa vitabu vya kale zaidi vya aina hiyo vilivyotufikia vikiwa kamili. Humo anaeleza jinsi mtunzaji anavyopaswa kumvika farasi hatamu. Amjie kwa upande wa kushoto. Mkono wa kulia uinue mikanda ya kichwani, na mkono wa kushoto uilete lijamu kinywani. Farasi akikataa kufungua, mtunzaji aishike lijamu karibu na meno na kuingiza kidole gumba ndani ya taya. Farasi wengi hufungua kinywa hapo.

Wafundishaji wa leo bado hufanya karibu vivyo hivyo. Kidole huingia pembeni mwa kinywa, pale pasipo na meno. Katika nchi za baridi, wengi huipasha lijamu moto kwa viganja kwanza. Wengine huipaka asali kidogo. Masikio hupitishwa chini ya mkanda moja baada ya jingine, bila kuvutwa. Siku ya kwanza farasi huachwa aitafune na kuilamba lijamu kwa muda mfupi, bila kamba za kuongozea na bila mtu mgongoni. Wakati wa kuivua, mfundishaji huteremsha mikanda polepole na kumngoja farasi aiachie lijamu mwenyewe. Akiivuta kwa haraka itagonga meno, na kesho farasi atakumbuka. Zoezi hilo hurudiwa siku kwa siku. Kamba huja baadaye, na mpandaji huja mwisho.

Kuna kanuni moja iliyo chini ya hatua hizo zote. Farasi hujifunza pale mgandamizo unapoondolewa. Mkono unapomwomba ageuke, naye akageuka hata kidogo, mkono hulegea mara moja. Kulegea huko ndiko kumwambiako kwamba amefanya vema. Mkono usiolegea kamwe haumfundishi kitu. Humfanya awe mgumu kinywani tu, hata asisikie tena.

Xenophon anaongeza shauri jingine. Anasema farasi asivishwe hatamu wakati wa kazi peke yake. Avishwe pia anapopelekwa kula na anaporudishwa nyumbani, na ikiwa hivyo haitakuwa ajabu akiichukua lijamu kwa hiari yake mara anapoletewa.

Soma Hosea 11:1–4. Ni matendo gani ya Mungu yanayotajwa hapa? Yapange kwa utaratibu wake.

Bwana anamwita Israeli mtoto, anamfundisha kutembea, anamshika mikono. Kisha, katika aya ya 4, nabii anatumia picha ya mnyama wa kazi. Mungu huvuta kwa kamba, lakini ni kamba za upendo. Huiondoa nira iliyobana taya, na huweka chakula mbele ya aliyechoka. Huyo ni Bwana ajuaye kulegeza mkono. Wito wake na chakula chake huja pamoja.

Nyumba ambamo jina la Mungu hutajwa tu wakati mtoto amekosea inafanana na zizi ambamo hatamu huonekana wakati wa kazi ngumu tu. Mtoto hujifunza kuikimbia. Lakini ibada ya jioni yenye nyimbo, hadithi za Biblia na kicheko cha familia ni hatamu inayoletwa pamoja na chakula.

Katika familia yako au kikundi chako, jina la Mungu hutajwa zaidi wakati gani: wa furaha au wa kukemea?

JUMANNE

Lijamu ya Ashuru

Ipo lijamu nyingine katika Biblia. Soma Isaya 37:21–29. Mungu anasema atamfanyia nini mfalme Senakeribu, na kwa sababu gani?

Senakeribu alikuja juu ya Yuda kwa majeshi na matukano. Bwana alijibu kwamba ataweka kulabu puani mwake na hatamu midomoni mwake, na kumrudisha kwa njia ile ile aliyoijia. Picha hiyo ilieleweka vizuri siku zile. Waashuri wenyewe walijivunia kuwaongoza mateka kwa namna hiyo. Katika jiwe kubwa la ukumbusho la Esar-hadoni, mwana wa Senakeribu, lililochimbuliwa mwaka 1888 huko Zincirli katika nchi ya Uturuki ya leo, mfalme amechongwa akiwa ameshika kamba zilizofungwa midomoni mwa wafungwa walio miguuni pake. Aliyewatendea watu kama wanyama aliambiwa kwamba yeye mwenyewe ataongozwa kama mnyama.

Soma 2 Nyakati 33:10–13. Mungu alifanya nini kwanza kabla ya kuwaruhusu Waashuri kumkamata Manase?

Neno la Kiebrania linalotumika katika aya ya 11 kueleza jinsi Manase alivyokamatwa linaweza kumaanisha kulabu. Lakini usiipite aya ya 10 haraka. Bwana alisema na Manase na watu wake, wala hawakusikiliza. Neno lilitangulia kulabu. Jicho la Bwana lilimtafuta Manase, naye hakuliangalia. Ndipo ikaja lijamu ya chuma.

Sasa rudi Zaburi 32:8, 9. Aya hizi mbili zinaweka njia mbili mbele ya msomaji. Katika aya ya 8 Bwana anaahidi kushauri huku jicho lake likimtazama mtu. Katika aya ya 9 anaonya juu ya farasi na nyumbu, ambao bila lijamu na hatamu hawakaribii. Anayeongozwa kwa jicho lazima awe karibu, na lazima awe anamtazama anayemwongoza. Anayeongozwa kwa chuma anaweza kuwa anatazama kwingine kabisa.

Hapa pana mpaka wa mfano huu. Farasi aliyefundishwa vizuri ni mnyama mwema, lakini Zaburi haisemi, “Iweni kama farasi aliyefundishwa.” Inakataza kuwa kama farasi. Mungu aliweza kuumba viumbe visivyoweza kukataa, lakini hakumuumba mwanadamu hivyo. Anataka ufahamu, upendo na hiari. Hata kwa Manase, kulabu haikuwa mwisho wa habari. Akiwa taabuni alimsihi Bwana, akajinyenyekeza sana, na Mungu akamsikia na kumrejesha. Mfalme aliyekokotwa hadi Babeli alirudi akimjua Bwana.

Siyo kila taabu ni adhabu, na mtu asimwambie mgonjwa au mfiwa kwamba Mungu amemtia lijamu. Rafiki zake Ayubu walikosea hivyo. Lakini kila mtu anaweza kuiuliza nafsi yake kama kuna jambo ambalo Bwana amelisema kwa upole kwa muda mrefu, naye bado anageuza uso.

Ni jambo gani katika maisha yako ambalo Bwana anakuelekeza sasa kwa jicho tu? Ni nini kinachokuzuia kumtazama?

JUMATANO

Kinywa cha Mwalimu

Soma Yakobo 1:26 na 3:1–12. Yakobo anaanza sura ya 3 kwa kuwaonya watu gani? Kwa nini mfano wa lijamu unafuata mara baada ya onyo hilo?

Mara nyingi sura hii husomwa kama onyo dhidi ya masengenyo, na ni kweli kwamba inahusu hayo pia. Lakini aya ya 1 inawataja walimu. Yakobo anasema wasiwe wengi waalimu, kwa kuwa hukumu yao ni kubwa zaidi. Kisha katika aya ya 2 anasema kwamba asiyejikwaa katika kunena anaweza kuuzuia mwili wake wote kwa hatamu. Ndipo anapoleta farasi, merikebu na moto.

Neno la Kiyunani analotumia kwa lijamu, chalinos, ndilo lililotumiwa na Xenophon karne nne kabla yake. Wasomaji wa Yakobo walikuwa wamewaona farasi wa askari wa Kirumi barabarani. Walijua kwamba chuma kidogo kilichokaa juu ya ulimi wa mnyama huyo kiligeuza mwili wake wote. Yakobo anachukua jambo hilo na kulirudisha kwa msomaji. Kama ulimi wa farasi umetiiwa lijamu, je, ulimi wa mwalimu?

Katika aya ya 7 na 8 anakwenda mbali zaidi. Kila aina ya mnyama imefugwa na wanadamu, lakini hakuna mwanadamu awezaye kuufuga ulimi. Mtu aliyemfundisha farasi kwa majuma mengi bila kupaza sauti anaweza kurudi nyumbani akamvunja mkewe moyo kwa sentensi moja. Mwalimu anayelijua somo lake vizuri anaweza kumjibu mshiriki aliyeuliza swali gumu kwa namna ambayo mshiriki huyo hatauliza tena.

Xenophon, ambaye hakuyajua Maandiko, alifundisha kwamba kanuni bora kuliko zote katika kushughulika na farasi ni kutomwendea kamwe ukiwa na hasira. Aliona kwamba hasira haina macho ya mbele, na kwamba mara nyingi humfanya mtu atende jambo la kujutia. Alisema pia kwamba farasi akikiogopa kitu, amsogelee polepole hadi aone kwamba hakina hatari. Anayempiga humwongezea hofu, maana farasi hudhani kwamba maumivu yanatoka katika kitu kile anachokiogopa.

Hebu kila mzazi na kila mzee wa kanisa atafakari sentensi hiyo ya mwisho. Mtoto anayepigwa kwa sababu ameogopa kuomba mbele za watu atadhani maumivu yanatoka katika maombi. Kijana anayeaibishwa mbele ya kanisa kwa sababu ya mavazi yake atadhani aibu inatoka kwa Mungu.

Kama hakuna mwanadamu awezaye kuufuga ulimi, basi mwalimu wa Shule ya Sabato anahitaji muujiza kila juma. Asimame mbele ya darasa akiwa yeye mwenyewe ameshikwa na Bwana.

Kumbuka neno lililokugeuza kutoka katika njia njema, na neno lililokurudisha. Je, kuna mtu anayelikumbuka neno lako kwa namna hiyo leo? Utafanya nini kabla Sabato haijafika?

ALHAMISI

Mpole, na Mwana-Punda

Soma Mathayo 5:5, 11:28–30, na 21:1–9. Ni neno gani linalorudiwa katika mafungu haya matatu?

Neno la Kiyunani ni praus, linalotafsiriwa “mpole” au “mnyenyekevu.” Watu wengi wakisikia neno hilo hufikiri juu ya mtu dhaifu asiyeweza kujitetea. Lakini Xenophon alilitumia kwa farasi. Aliandika kwamba mwana-farasi awe amefanywa mpole, aliyezoea mkono na ampendaye mwanadamu, kabla ya kukabidhiwa kwa mfundishaji. Farasi aliye praus hajapoteza hata kidogo ya nguvu zake. Misuli ni ile ile na mbio ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba nguvu hizo sasa zina mtu zinayemwamini.

Yesu alipojiita mpole, hakusema kwamba hana nguvu. Siku alipoitamka Mathayo 11:29 alikuwa na uwezo wa kutuliza bahari. Nguvu zote za mbinguni zilikuwa katika mkono wake, na mkono wake ulikuwa katika mapenzi ya Baba. Kwa hiyo anaweza kuwaalika waliolemewa wajitie nira yake. Yeye mwenyewe anaujua utii kutoka ndani.

Sasa angalia siku alipoingia Yerusalemu. Luka 19:30 inasema mwana-punda yule hakuwa amepandwa na mtu yeyote. Mathayo 21:2 inaongeza kwamba mama yake alikuwapo. Kila anayewafahamu punda anajua maana ya mnyama mchanga, asiyezoea mzigo, kuingizwa katikati ya umati unaopiga kelele, nguo zikitandazwa miguuni pake na matawi yakikatwa huku na huku. Mnyama wa namna hiyo kwa kawaida hushtuka na kurusha mateke. Injili hazitaji mjeledi wala lijamu. Zinataja nguo za wanafunzi mgongoni pake, mama yake karibu naye, na Yesu juu yake. Hakuna mahali panaposemwa kwamba alishtuka.

Zekaria 9:9, 10 inasema kwamba siku ya mfalme huyu mpole, Bwana atawaondoa farasi wa vita katika Yerusalemu. Kitabu hicho hicho kinafunga kwa ahadi nyingine juu ya farasi. Soma Zekaria 14:20. Maneno gani yataandikwa katika njuga zao? Linganisha na Kutoka 28:36.

Maneno yale yale yaliyochorwa katika bamba la dhahabu kwenye kilemba cha kuhani mkuu yatakuwa katika njuga za farasi. Siku hiyo hakutakuwa na chombo cha kawaida na chombo kitakatifu, wala kazi ya juma na ibada ya Sabato kama vitu viwili vilivyotengana. Hatamu yenyewe, chombo cha kazi na jasho, italia utakatifu kwa Bwana kila farasi anapotikisa kichwa.

Ni sehemu gani ya kazi yako ya kila siku ambayo bado hujaiona kama mahali pa utakatifu? Ingebadilikaje kama maneno ya Zekaria 14:20 yangeandikwa juu yake?

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Mwaka 1872 Ellen G. White aliandika kwa kirefu juu ya elimu inayofaa. Humo alionya kwamba watoto wasielimishwe kama wanyama wanavyofunzwa, kwa kuwa watoto wana nia yenye akili, nayo inapaswa kuelekezwa ijitawale. Katika kitabu chake Elimu, kilichotolewa mwaka 1903, sura inayohusu nidhamu inaendeleza wazo hilo: nia ya mtoto iongozwe na kutengenezwa, lakini isipuuzwe wala kupondwa. Sura hiyo inafaa kusomwa na kila mzazi na mwalimu juma hili.

Onyo hilo linaeleza kwa nini Zaburi 32 inakataza kuwa kama farasi. Mfundishaji wa farasi hufika mwisho wa kazi yake mnyama anapomtii. Mzazi Mkristo hafiki mwisho hapo. Siku moja hatamu itatoka mkononi mwake. Mtoto atakwenda shule ya mbali, atapata kazi mjini, atakaa katika chumba cha kupanga ambako hakuna mzee wa kanisa wala mama wa kumwamsha kwa ajili ya ibada. Siku hiyo itaonyesha kama alifundishwa kuyatazama macho ya wazazi tu, au alifundishwa kulitazama jicho la Bwana.

Hata hivyo, kama farasi asiye na akili ya mwanadamu anahitaji mkono mpole, hatua ndogo ndogo, na mtu asiyekasirika, mtoto aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu anahitaji hayo zaidi sana. Hakuna haki ya kumtendea mtoto wa Mungu kwa ukali ambao mfugaji mwema hangeutumia zizini.

Na kwa aliyeumizwa na mkono mzito kanisani au nyumbani, somo hili lina neno pia. Farasi aliyeharibiwa kinywa anaweza kufundishwa upya. Huchukua muda mrefu zaidi. Mfundishaji huanza tena mwanzo kabisa: kumgusa paji la uso, kumngoja, kuondoka kabla hajachoka, kurudi kesho. Bwana wa Hosea 11 haoni haya kuanza tena mwanzo. Mkono wake si ule uliokuumiza.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika kikundi chenu, jadilini jinsi mwamini mpya anavyopokelewa katika miezi mitatu ya kwanza baada ya ubatizo. Ni mambo gani anayoambiwa kwanza? Kwa mwanga wa somo la Jumapili na Jumatatu, mngebadilisha utaratibu gani? Soma pia Warumi 14:1 na Yohana 16:12.

2. Kuna tofauti gani kati ya upole na kulegeza kweli? Mfundishaji anayeogopa kabisa kumvika farasi hatamu hamsaidii. Kikundi kinawezaje kusema kweli yote bila kutumia mkono mzito? Soma Waefeso 4:15 na Wagalatia 6:1.

3. Mithali 26:3 inataja mjeledi kwa farasi, lijamu kwa punda, na fimbo kwa mgongo wa mpumbavu. Fungu hili linahusianaje na Zaburi 32:9? Je, yanapingana na Hosea 11:4, au yanaonyesha njia mbili ambazo mtu mwenyewe huchagua kati yake?

4. Wapo vijana waliozaliwa katika kanisa lenu ambao hawahudhurii tena. Bila kuwahukumu na bila kutaja makosa yao, jadilini: nani kati yenu anaweza kumtembelea mmoja wao juma lijalo, si kumrudisha kwa nguvu, bali kukaa naye na kumsikiliza? Andikeni jina la mtakayemwombea, na Sabato ijayo mwanzeni darasa kwa maombi hayo.